Beji ilisoma 4.6: nani hasa alikula mionzi?

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna hospitali ya kibinafsi hapa kisiwani Mombasa, siitaji, ina chumba kimoja cha eksirei na wapiga picha watatu wanaopokezana shifti. Kila mmoja ana beji yake ya kupimia mionzi, inavaliwa miezi mitatu halafu zote zinakusanywa zinapelekwa Nairobi kusomwa na nyengine zinaletwa. Ripoti ya Januari mpaka Machi iliporudi katikati ya Aprili, wawili walikuwa na 0.1 na 0.2 milisiveti (ndicho kipimo cha mionzi inayompata mtu), kawaida kabisa. Wa tatu alikuwa na 4.6. Na huyo wa tatu ni dada mmoja ambaye siku hiyo ripoti inafika ana mimba ya wiki kumi na moja, kwa kuhesabu tangu hedhi ya mwisho.

Incharji wake akamwita ofisini, akamsukumia karatasi mezani na kumwambia "wewe umekula mionzi", basi, hakuongeza neno. Kufika jioni ukoo mzima una habari. Mavyaa wake kashaanza kumnywesha maziwa kutwa mara mbili ati yamsafishe, shoga yake wa kazini kamnong'oneza kwamba lau ni yeye angeitoa mapema kabla haijawa kubwa, na mume, maskini, kashinda kwenye simu anatafuta mpaka saa nane za usiku, keshafika Chernobyl, kule kinu cha nyuklia kilikolipuka. Mimi nimesomea fizikia ya tiba na mume ni mtu wa mtaani kwetu, ndiyo nikapigiwa simu. "Kaka, niambie ukweli usinifiche", hata salamu hakutoa. Amenipa ruhusa nikiandike, nimebadilisha vitu viwili vitatu asijulikane.

Sasa watu wengi kwenye kesi kama hii wanaanza kwa kuuliza beji ilikosea wapi. Mimi sikuanza hapo, mana yule dada alikuwa anataka kujua jambo moja tu na huwezi kumwambia ngoja nichunguze mwezi mzima wakati kuna mtu anamnong'oneza atoe mimba. Kwa hivyo nikachukulia mabaya yote kwanza. Tuseme beji imesema kweli tupu, tuseme zile 4.6 zote zilimpiga yeye, na tuseme zilimfikia mtoto zote bila mwili wa mama kuzuia hata chembe, jambo ambalo haliwezekani kwa eksirei za kawaida lakini tuliache hivyo. Kwa eksirei milisiveti moja na miligrei moja (miligrei hupima nishati ya mionzi iliyoingia mwilini) unaweza kuzihesabu sawa, kwa hivyo mtoto kapata miligrei 4.6.

Tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ICRP, ilitoa mwaka 2000 chapisho lake namba 84 kuhusu mimba na mionzi ya hospitali, na mle ndani mna jedwali ambalo kila mpiga eksirei angebandikiwa ukutani. Mtoto ambaye hajapata mionzi yoyote zaidi ya ile ya asili, uwezekano wa kuzaliwa bila kasoro ya maumbile ni asilimia 97 na wa kumaliza utoto bila saratani ni 99.7. Ukimwongezea miligrei 5, ni 97 na 99.7, yani tarakimu hazikusogea. Ukimwongezea 10, ni 97 na 99.6. Ufike mpaka 100, ile ya kasoro bado iko karibu 97 na ya saratani imeshuka 99.1. Na chapisho hilohilo linasema waziwazi kwamba chini ya miligrei 100 mionzi haiwi sababu ya kutoa mimba. Huyu dada hata tukimpa mabaya yote hajafika moja ya ishirini ya hapo. Wale mama wa Hiroshima na Nagasaki ambao watoto wao walipata shida ya ubongo, wakati mbaya zaidi ulikuwa wiki ya 8 mpaka ya 15 tangu mimba kutungwa, na dozi zao zilikuwa za mamia ya miligrei. Kwa hesabu za huyu dada mimba ilitungwa katikati ya Februari, na beji ilivuliwa tarehe 31 Machi, kwa hivyo hata hiyo wiki ya nane ilikuwa haijafika, na nusu ya kwanza ya zile siku za beji mtoto mwenyewe hakuwepo.

Sikumwambia hakuna hatari kabisa, mana hiyo pia si kweli na mtu akija kugundua ulimfunika hatakuamini tena. Mwaka 1956 daktari wa Uingereza, Alice Stewart, alitoa matokeo kwamba watoto waliokufa kwa saratani, mama zao walikuwa wamepigwa eksirei wakati wa mimba zaidi kuliko mama wengine, na dozi zenyewe zilikuwa ndogo, kwenye miligrei kumi hivi. Alipingwa miaka mingi na wakubwa wa fani lakini mwisho wake leo hakuna anayempiga mama mja mzito eksirei ya tumbo bila kufikiri mara mbili. Kwa hivyo jibu langu lilikuwa: hatari ipo, ni ndogo kiasi kwamba hata ukiitafuta kwenye jedwali huioni, na ukiitoa mimba kwa ajili yake utakuwa umefanya kwa hofu tu si kwa hesabu. Akalia kidogo, halafu akauliza kuhusu maziwa.

Maziwa anywe kama anayapenda. Eksirei haibaki mwilini, swichi ikizimwa imekwisha, hakuna cha kusafisha. Ilichoharibu imeharibu pale pale kwenye chembe za urithi ndani ya seli, na seli nyingi hujirekebisha zenyewe au hufa, zile chache zisizofanya hivyo ndizo tunazoziogopa miaka ya baadaye. Maziwa hayafiki huko.

Kwengine walikokosea ni damu. Hospitali ilimpima damu yote, seli nyeupe, nyekundu, sahani, vyote viko sawa, akaambiwa "uko fiti". Kile kipimo hapa hakina kazi. Seli nyeupe zile za limfosaiti huanza kushuka kwa namna ya kuonekana dozi ikifika kama nusu grei, yani miligrei 500. Hata kile kipimo kikali cha maabara kubwa, cha kuhesabu kromosomu zilizovunjika na kuungana vibaya, chini ya miligrei 100 hivi hakitofautishi mtu aliyepigwa na ambaye hakupigwa. Kwa 4.6 damu ingekuwa sawa iwe alipigwa au hakupigwa, na kama ingekuwa na kasoro yoyote basi sababu ingekuwa nyengine, malaria, chuma, chochote. Kumpa mtu raha kwa kipimo kisichojibu swali lake ni kumdanganya, hata ukiwa na nia nzuri.

Mpaka hapo mtoto tumemaliza. Sasa ile beji.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, nivumilieni, mana bila hii historia huoni kwa nini swali la kwanza kwenye kesi ya beji ni lile lile kila mara. Röntgen aliigundua eksirei 1895, na kwa miaka thelathini hivi baada yake kipimo kikubwa cha mionzi mahospitalini kilikuwa ngozi ya binadamu. Dozi ilihesabiwa kwa kiasi kinachotosha kuiwivisha ngozi iwe nyekundu. Wapiga picha wa mwanzo walikuwa wakijaribu mashine kwa kuweka mikono yao wenyewe, na wengi iliwaozea. Mwaka 1924 kijana wa Stockholm, Rolf Sievert, mtoto wa mfanyabiashara tajiri, akawa mkuu wa maabara ya fizikia ya Radiumhemmet, hospitali ya saratani ya pale. Kazi yake ilikuwa kuondoa kubahatisha: mgonjwa apewe kiasi kinachojulikana, na wafanyakazi wajue wanapata kiasi gani. Akatengeneza vichemba vidogo vya kupimia, unavichaji umeme, mionzi ikipita ndani chaji inavuja, unasoma imebaki kiasi gani unajua mionzi ilikuwa ngapi. Ni vidogo kiasi cha kuwekwa mwilini mwa mtu.

Mwaka 1925 yeye Sweden na mwanafizikia Arthur Mutscheller kule Marekani, kila mmoja kivyake, wakatoa pendekezo la kiasi ambacho mfanyakazi anaweza kuvumilia. Mutscheller akasema asilimia moja ya ile dozi ya kuwivisha ngozi kwa siku 30, Sievert akasema moja ya kumi yake kwa mwaka mzima. Ukizilinganisha zinakaribiana sana. Kwa vipimo vya leo hayo ni mamia ya milisiveti kwa mwaka, wakati sisi saa hii mfanyakazi mpaka wake ni 20 kwa mwaka, wastani wa miaka mitano, na mwaka wowote usizidi 50. Sievert mwenyewe baadaye aliongoza hiyo tume ya ICRP, akafa 1966, na mwaka 1979 jina lake ndilo likapewa kipimo hichi kinachotutia homa kwenye ripoti.

Kilichonivutia kwake lakini si jina. Wakati kipimo ni ngozi, anayepimwa na anayeumia ni mtu mmoja, ngozi ikiwiva hakuna mjadala ni nani kapigwa. Sievert na wenzake walipokihamisha kipimo kutoka mwilini kwenda kwenye kitu kidogo unachokivaa, waliokoa mikono ya maelfu ya watu, ila tangu hapo ikazaliwa shida mpya, kwamba kitu kinaweza kuwa mahali na mtu akawa pengine. Ngozi huwezi kuisahau msumarini.

Beji ya sasa ina vipande vya fuwele, aghalabu ni lithiamu floraidi. Mionzi ikipita, elektroni zinarushwa kutoka mahali pake na baadhi zinanasa kwenye vishimo vya fuwele, na zinakaa humo kama samaki kwenye dema, wameingia hawatoki, mpaka uje uliinue. Kuinua kwenyewe ni kuipasha moto, nyuzi mia mbili na zaidi, elektroni zinatoka na zikitoka zinatoa mwanga, mwanga unahesabiwa. Mwanga mwingi, mionzi mingi. Beji haijui saa, haijui siku, haijui nani kaivaa. Inajua jumla tu.

Ila inajua kitu kimoja cha ziada. Mle ndani vipande havikuwekwa sawa, kimoja kimefunikwa na plastiki nyepesi, chengine kizito zaidi, na beji nyengine zina shaba au alumini. Mionzi dhaifu inazuiwa na kifuniko kizito, mionzi kali inapita kote. Ukilinganisha vipande unapata sura ya mionzi yenyewe. Ya huyu dada ilisoma kama eksirei dhaifu iliyotawanyika kutoka kwa mgonjwa, si kitu kikali cha gama. Hiyo ilifuta ile habari ya Chernobyl ya mume, na pia ikafuta dhana ya incharji kwamba huenda beji iliharibika kwa joto la gari. Joto la gari Mombasa Machi ni la kuchoma wallahi, lakini joto huzitoa elektroni kabla ya kusomwa, kwa hivyo beji iliyopikwa garini husoma chini, haisomi juu.

Basi zimebaki dhana mbili: amepigwa kweli, au beji ilikuwa chumbani bila yeye.

Nikamuuliza siku yake inavyokwenda, saa kwa saa. Anafika, anavaa koti jeupe, beji iko kwenye mfuko wa kifua wa koti. Eisii ya kile kijichumba cha swichi nyuma ya kioo chenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi imekufa tangu Novemba. Ikifika saa nne asubuhi koti halivaliki, analivua analitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, ndani ya chumba chenyewe cha eksirei, halafu anapiga picha kwa dera lake mpaka mwisho wa shifti. Akienda kula, koti liko pale. Akenda kuswali, koti liko pale. Akiwa ofu, koti liko pale, mana la pili hana. Machi alichukua livu wiki mbili kwa vile kichefuchefu kilimzidi nguvu, akaliacha pale pale.

Unaona inavyokwenda, lakini "unaona inavyokwenda" haitoshi kwa ripoti, lazima hesabu ikubali. Mgonjwa akipigwa eksirei, kwa mita moja kutoka kwake mionzi inayotawanyika ni kama moja ya elfu ya ile iliyoingia kwenye ngozi yake. Picha ya kifua inaingiza kidogo sana, ya uti wa mgongo kwa ubavu inaingiza miligrei kadhaa. Ukichanganya picha za pale kwao kwa rejista, mgongo, nyonga, tumbo, vifua, mikono, nikapata kama maikrosiveti 1.2 (maikrosiveti elfu moja ni milisiveti moja) kwa kila picha pale msumarini, ambapo ni mita moja na kitu kutoka ukingo wa meza. Ili ifike 4.6 zinahitajika picha zaidi kidogo ya 3,800. Rejista ya miezi mitatu ina picha 3,900. Kwa watu watatu! Yani ile beji ilihudhuria karibu kila picha iliyopigwa hospitali ile, mchana na usiku, pamoja na wiki mbili mwenyewe yuko nyumbani anatapika. Hakuna binadamu anayefanya shifti zote. Koti linaweza.

Nikaazima kipimo cha elektroniki cha mfukoni, kile kinachoonyesha namba papo hapo, tukakitundika kwenye msumari ule ule kutwa moja ya kazi: maikrosiveti 70. Zidisha kwa siku 65 za kazi, 4.55. Siku ya pili tukakiweka nyuma ya kioo anaposimama yeye, hakikutofautiana na mionzi ya asili ya mjini. Kwa wanaopenda kulinganisha, wastani wa dunia kwa mionzi ya asili ni milisiveti 2.4 kwa mwaka, na si lazima uende mbali kupata zaidi, pale Mrima kule Kwale mlima una thoriamu kwenye mwamba wake na vipimo vilivyochapishwa vimepata mara saba hivi ya wastani wa dunia wa mionzi ya nje inayotoka ardhini. Ukikaa kileleni mwaka mzima bila kuteremka utakaribia miligrei 4 za ardhi peke yake. Watu wa Mrima wapo, mahindi yao na minazi yao ipo, na uchunguzi wa afya yao ungekuwa andiko jengine kabisa.

Niliuliza pia kuhusu watoto, mana hapo ndipo wapiga picha huwa hawasemi ukweli mpaka uwaulize mara ya pili. Ndiyo, huwashika watoto wachanga mwenyewe picha ya kifua inapopigwa, mama mtu akiwa na hofu, na mara nyengine bila aproni kwa sababu aproni yao moja imepasuka mabegani na nyengine ni nzito. Si vizuri, anayefaa kushika ni mzazi au jamaa aliyevishwa aproni, asiye na mimba. Lakini kifua cha mtoto mchanga kinapigwa kwa dozi ndogo mno, hata ukihesabu mara mia moja hufiki hata 0.1. Kwa yote, makadirio yangu ya dozi yake ya kweli kwa ile robo ni chini ya 0.3, kama wenzake, na ya mtoto ni chini zaidi kwa sababu mwili wa mama unazuia.

Hospitali ikafurahi sana na hayo. Ikaandika barua ya mistari minne: beji iliachwa chumbani, dozi ni sifuri, kesi imefungwa. Na hapa ndipo tulipokosana.

Kwanza kwa sababu hawana ruhusa ya kuandika sifuri. Namba ikishatoka maabara ni rekodi ya mtu, unaweza kuomba mamlaka ya nyuklia, KNRA, ile iliyochukua nafasi ya bodi ya zamani kwa sheria ya 2019, wakubali namba nyengine ya makadirio badala yake, ukiwawekea hesabu mezani. Sifuri maana yake ni kwamba ulipima ukakosa kitu. Hawa hawakupima, ile miezi mitatu mwili wa yule dada haukupimwa na yeyote. Na jibu la "beji iliachwa chumbani" linapendwa mno na mameneja, nimeliona kwengine, kila namba kubwa inayotokea linaletwa hilo hilo bila hata mtu kwenda kuupima msumari. Safari hii lilikuwa kweli. Sifa hiyo si ya barua yao.

La pili ndilo zito. Beji haikukosea, ilipima sawasawa, ilipima msumari. Sasa swali ni nani mwengine huwa pale msumarini?

Nilikaa chumbani asubuhi moja nikaona kwa macho. Wagonjwa wa machela wanaletwa kutoka kajualti na mawodi na mzee mmoja, wote wanamwita ami. Anaisukuma machela mpaka ubavuni mwa meza, wanamhamisha mgonjwa au anapigwa hapo hapo juu ya machela, na ami habanduki. Anasimama mgongo ukutani, mkono wa kushoto umeshika chuma cha machela, bega lake liko chini ya lile koti. King'ora kikilia anageuza uso upande wa mlango mpaka kiishe, halafu anarudi kuangalia. Nikamuuliza kwa nini hatoki. "Hichi kitanda gurudumu lake halina breki mwanangu, nikikiacha chaenda." Na beji je? Akacheka. "Mimi nashika kitanda tu, eksirei wapiga wao."

Kwenye rejista karibu robo ya picha ni za machela. Robo ya 4.6 ni kama 1.15 kwa miezi mitatu, kwa mwaka inarudi pale pale 4.6, na huenda ni zaidi mana wa machela ni nyonga na migongo, picha nzito. Kwa vile hakuandikishwa kama mfanyakazi wa mionzi, kihesabu yeye ni raia wa kawaida na mpaka wa raia ni 1 kwa mwaka. Ami yuko kwenye kazi hiyo zaidi ya miaka kumi na mbili. Weka 50 na kitu kwa jumla. Kwa kanuni ya ICRP ya asilimia 5 hivi kwa siveti moja, hiyo ni kama tatu katika elfu moja juu ya uwezekano wa saratani ambao kila mtu anao, na kanuni hiyo ilitengenezwa kwa makundi ya watu, kwa mtu mmoja haisemi kitu kwa uhakika. Macho yake yana mtoto wa jicho lakini mpaka wa mtoto wa jicho ni kama miligrei 500, na ana umri wa kuwa nalo hata angekuwa mvuvi. Kwa hivyo kiafya sina cha kumtisha nacho, na nilimwambia hivyo hivyo. Kisheria na kiutu ni jambo jengine, mtu aliyepata mionzi mingi kuliko wote katika idara ile ni yule ambaye hakuna aliyewahi kufikiria kumpa beji.

Yaliyofanyika mpaka sasa: gurudumu limebadilishwa, fundi wa Makupa kalimaliza kabla ya adhuhuri, machela sasa inasimama peke yake na ami anasubiri nyuma ya kioo. Msumari umeng'olewa, umepigwa mwengine koridoni. Eisii bado. Dada ameandika barua rasmi ya kutangaza mimba, jambo ambalo alikuwa hajafanya, kwa hivyo sasa hospitali inabidi ihakikishe mtoto hazidi milisiveti 1 kwa muda uliobaki, akahamishiwa altrasaundi ambayo haina mionzi ya aina hii, na zile siku anazoitwa eksirei anavaa beji kiunoni juu ya nguo yake, chini ya aproni. Mavyaa bado anampa maziwa, tumeliacha hilo.

Ami amepewa beji. Anaivaa shingoni na kamba ya bluu, na anawaonyesha watu. Kilichobaki ni ile miaka kumi na mbili. Hospitali inataka faili lake lianze na sifuri kwa kuwa hakuna rekodi, mimi nimewaandikia kurasa tatu za makadirio, rejista za miaka mitano zilizopatikana, vipimo vya pale msumarini na picha ya lile gurudumu bovu, nikapendekeza iandikwe 50 kwa makadirio na sababu zake, nakala nikapeleka kwa mamlaka. Meneja alinipigia kuniuliza kama naweza kuandika "haijulikani" badala ya namba. Nilimwambia inajulikana.